Wezi Wasiojua Kuiba

Miaka ya tisini, pale Tanga, filamu zote tuliziangalia kwa sheria moja: kuna stelingi na kuna adui, na stelingi hafi. Kibanda chetu cha video kilizungushiwa magunia, deki imewekwa juu ya kreti la soda, mwenyewe kakaa mlangoni na kopo la viingilio. Siku akiweka Home Alone, filamu ya Marekani ya mwaka 1990, mabenchi hayakutosha. Adui walikuwa Harry na Marv, yaani Joe Pesci na Daniel Stern, wezi wawili wanaovamia nyumba alimosahauliwa mtoto wa miaka minane. Harry anashika kitasa kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu, kisha anakimbilia kuchomeka kiganja kwenye theluji. Marv anavuta kamba akidhani ni ya taa, pasi inamshukia usoni. Tulipiga makofi. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombea maji, lakini hakuna aliyehitaji tafsiri.

Ukiniwekea filamu hiyo leo nitacheka, ila si kwa sababu zile zile. Na kilichoanza kunibadilisha hakikuwa filamu.

Nje ya kibanda, mwizi hakuwa mchezo. Alfajiri moja mtaani kwetu zilipigwa kelele za "Mwizi! Mwizi!" tukatoka mbio. Kijana alikuwa ameruka ukuta wa jirani na sufuria mkononi, shati likanasa kwenye vipande vya chupa vilivyopandwa juu ya ukuta, akaning'inia pale, nusu ndani nusu nje. Ingekuwa kwenye runinga, kibanda kizima kingevunjika mbavu. Wenye fimbo walikwishafika, na mmoja alikuja akiviringisha tairi. Aliyemwokoa ni mzee mmoja aliyekuwa anatoka kuswali. Alimkumbatia, akakataa kumwachia mpaka polisi walipofika. Sufuria ilipofunuliwa, ndani mlikuwa na wali wa jana. Upande mmoja ulikuwa umeshaliwa. Kijana alikula kwanza, humo humo jikoni, ndipo akakimbia.

Miaka ikapita, kanda zikaondoka zikaja DVD, nami nikahamia Dar es Salaam. Rafiki yangu aliyesoma Italia akaniazima filamu ya zamani isiyo na rangi, I soliti ignoti, iliyoongozwa na Mario Monicelli mwaka 1958. Miaka mitatu kabla yake ilikuwa imetoka Rififi ya Jules Dassin, iliyopigwa Ufaransa, ambayo wezi wake wanatoboa dari na kufungua sefu kwa karibu nusu saa bila neno moja wala muziki. Monicelli aliichukua kazi ile ile akawapa watu wasioiweza.

Ni maskini wa Roma. Peppe ni bondia anayelambishwa sakafu. Tiberio, anayeigizwa na Marcello Mastroianni, ni mpigapicha asiye na kamera, na analea mtoto mchanga kwa kuwa mkewe yuko gerezani. Capannelle ni mzee ambaye njaa haimwishi. Mwalimu wao, Dante, ni fundi wa sefu anayeigizwa na Totò. Anawafundisha juu ya paa la nyumba, lakini yeye mwenyewe haendi kuiba. Tiberio anajifunga plasta ya uongo mkononi ili aibe kamera ya sinema. Mwenye kamera anamvunja mkono, na usiku wa kazi Tiberio anafika na plasta ya kweli.

Usiku huo wanatoboa ukuta ili watokee kwenye duka la rehani. Wanapima, wanagonga, wanatoa jasho, ukuta unatoboka, wanajikuta jikoni mwa nyumba ile ile waliyomo. Samani zilikuwa zimehamishwa, nao wakaukosa ukuta. Basi wanapasha makaroni na dengu waliyoyakuta humo, wanaketi, wanakula.

Hapo nilisimamisha filamu. Kijana wa sufuria alinijia mzima mzima.

Tangu hapo nikawa nazisaka filamu za namna hiyo, na nikaona kwamba wezi hawa hawaangushwi na polisi. Wanaangushwa na ubinadamu wao. Katika The Ladykillers, filamu ya Uingereza ya mwaka 1955, genge la Alec Guinness linapanga chumba kwa bibi kizee karibu na stesheni ya King's Cross, likijifanya wapiga muziki. Fedha wanazipata. Kinachowashinda ni bibi: kila anayepangiwa kumuua anashindwa, wanaishia kumalizana wenyewe kwa wenyewe, na bibi anabaki na fedha zote.

Wezi hodari wa filamu kama Ocean's Eleven nawatazama kama sarakasi: nastaajabu, yanaisha. Mtu mwenye mpango safi kwenye karatasi, kisha akakosea ukuta, huyo namfahamu. Kila kamati ya harusi niliyowahi kuketi ina Peppe wake. Ndiyo maana adui wangu wa zamani amegeuka stelingi.

Na Monicelli hakutudanganya kwamba umaskini ni mzaha. Cosimo, aliyeleta wazo lenyewe la wizi, anajaribu kupora mkoba barabarani, anagongwa na tramu, anakufa. Tunamcheka, kisha tunamzika. Tunasema siku za mwizi arobaini; Cosimo hakuzifikisha, na yule kijana wa Tanga naye asingezifikisha kama si mzee yule.

Hadithi za aina hii zinatufaa, na hazina gharama kubwa: ukuta, ngazi ya kuazima na watu watano wenye njaa. Mchekeshaji King Majuto, Mtanga mwenzetu aliyefariki mwaka 2018, angeiweza nafasi ya Dante huku amefumba macho. Yeye hatunaye, lakini wachekeshaji wengine wazuri tunao. Waandishi wa filamu zetu, pumzisheni kidogo majumba ya kifahari na magari ya kukodi. Tuandikieni wezi wasiojua kuiba, na aliyenasa ukutani mwacheni afike kituoni akiwa hai.