Matatu ya Sukari

Mdogo wangu ana kisukari cha aina ya kwanza. Mkononi amebandikwa kihisi kikubwa kidogo kuliko sarafu, na uzi wake mwembamba umeingia chini ya ngozi. Kinapima sukari usiku na mchana kwa siku 14 na kutuma namba kwenye simu, kisha kinabanduliwa, kinawekwa kingine. Shangazi yetu aliye Uingereza ndiye huvituma.

Yeye na mama wako Meru. Mimi niko Embu mjini, natengeneza gemu za simu kwenye chumba ambacho stima hupotea mvua ikinyesha. Siku moja nikasoma kuhusu Guts Game, gemu ya watafiti wa Australia. Wachezaji wawili wanameza kapsuli yenye kihisi cha joto, halafu kila mmoja anajaribu kubadilisha joto la tumbo lake, labda kwa kunywa maji moto au baridi. Kapsuli ya mmoja ikitoka chooni, mchezo umeisha. Nilicheka peke yangu, kisha nikawasha kompyuta.

Nikaunda matatu inayotoka Embu kwenda Meru. Sukari ikikaa kati ya 3.9 na 10, gari linatulia na pointi zinapanda. Ikizidi, injini inachemka. Ikishuka, breki zinakatika Nithi. Kila mtu wa huku anajua daraja lile. Mwaka 2022 basi lilitumbukia pale, watu zaidi ya 30 wakafa. Nilidhani hofu itamfanya awe makini.

Wiki ya kwanza alinipigia kila jioni. "Bro, nimefika Nkubu bila kuchemsha!" Wiki ya pili akapiga mama: "Huyu mtoto siku hizi hali. Umemwambia nini?"

Jumamosi nikapanda gari hadi Meru. Alinieleza bila kuficha: chapati na wali vinachemsha injini, kwa hivyo anaviacha. Alhamisi usiku alichoma insulini kama kawaida, chakula hakugusa. Simu ikalia, mama akamkuta amelowa jasho. Namba ilikuwa 2.8. Alimnywesha maji ya sukari mikono ikimtetemeka.

"Asubuhi nikafungua gemu," mdogo wangu akasema. "Gari ilikuwa imeanguka Nithi. Nikajiona nimekufa, bro."

Sikuwa na jibu. Wale wa kapsuli huenda chooni, wakarudi kwenye maisha yao. Huyu hatoki. Na mimi nilikuwa nimemlipa pointi akae njaa, kisha nikamwadhibu kwa jambo lililompata akiwa usingizini.

Nilifuta ajali. Sasa namba ikianza kushuka, makanga anagonga bodi, gari linasimama Chuka, na haliondoki hadi anywe au ale kitu kitamu. Pointi ni za kuangalia namba, kula, na kumwambia mtu. Simu yangu pia hulia.

Juzi ililia saa nne usiku. Nikampigia.

"Niko Chuka, bro. Nakunywa soda."

Nikabaki kwenye laini hadi gari likaondoka.