Usiache chuo kwa sababu ya video yangu

Wiki jana kijana mmoja alinitumia ujumbe saa sita usiku. Ako mwaka wa pili, amechoka na masomo, na ile video yangu ya kasa ameitazama hadi ameikariri. Sasa ameamua kuacha chuo aje Diani awe mzamiaji kama mimi. Alimalizia kwa kunishukuru ati nimempa moyo.

Wasee, sikulala vizuri.

Video yenyewe ni ya sekunde 40. Maji ni safi, kasa anapita polepole juu ya matumbawe, na sauti yangu nyuma inasema kazi yangu ni ofisi ya buluu, kwamba ukiwa na mawazo chanya bahari haitakuangusha. Niliirekodi Februari. Nilichonyamazia ni kwamba niliipakia Mei, mvua ikipiga mabati, nikiwa sijaingia majini siku kumi na tisa, na mama wa kibanda akinidai chakula cha wiki mbili. Nilikuwa nafungua simu nikitazama watu wakinipongeza, halafu nanywa chai ya rangi bila kitu.

Kwa hivyo hii ni yake, na ya wengine wenye wazo kama lake. Sisemi usije. Nasema ujue unakuja wapi.

Mimi pia nilitoka chuo mwaka wa pili, lakini tusidanganyane, haikuwa ndoto. Karo iliisha, basi. Nikaja Ukunda kwa shangazi yangu kutafuta kibarua cha hoteli. Siku nilimwambia nataka kuwa mzamiaji, alishika kifua. "Unataka kuzamia meli uende wapi, mwanangu?" Huku Pwani mzamiaji ni yule anayejificha melini akitafuta Ulaya. Nikamweleza ni kupiga mbizi na watalii, na mtungi wa hewa mgongoni. Akanitazama sana. "Na hiyo nayo ni kazi?" Shangazi bado anauliza hilo swali, na kuna miezi sina jibu.

Cheti cha kwanza kilinigharimu zaidi ya shilingi 40,000. Niliuza laptop. Hicho cheti hakikupi kazi, kinakuruhusu tu kuzamia na mwenzako. Ili uongoze wageni kuna ngazi za katikati, halafu kozi ya kuwa kiongozi. Kwa mfumo niliosomea mimi, unahitaji mizamo 40 kwa kitabu chako ndio uianze na 60 ndio uimalize. Ukitaka kufundisha, 100. Hizo zote mtu analipia. Mimi sikuwa na doo, kwa hivyo nilipatana na kituo kimoja: niwafanyie kazi, wanisomeshe. Mapatano ya mdomo. Nilibeba mitungi (mmoja ukijaa ni kama kilo 17, na unaubeba kwenye mchanga), nikaosha vifaa, nikajifunza kujaza hewa kwa kompresa. Walisema miezi minne. Ilikuwa tisa. Ukipata mpango kama huo, andikisheni karatasi, hata kama ni ya daftari.

Sasa pesa. Wengi wetu hatuna mshahara. Unalipwa kwa kila mzamo, na mzamo unategemea mgeni, na mgeni anategemea upepo. Kaskazi ikivuma, kama Desemba hadi Machi, bahari imetulia, unaona mbali, na kuna siku naingia mara mbili na jioni nafundisha mtu kwa bwawa la hoteli. Halafu mvua za masika zinafika, kusi inaanza, bahari inachafuka, maji yanakuwa kama chai ya maziwa na hoteli kadhaa zinafunga kabisa. Kuanzia Aprili simu inanyamaza. Mwaka wangu wa kwanza sikujua. Nilikula pesa ya Januari ndani ya Januari, nikanunua hadi viatu. Viatu vya kwenda wapi na mimi natembea pekupeku mchana kutwa, Mungu anajua.

Lakini kilichonifunza zaidi hakikuwa njaa. Ilikuwa sikio.

Januari mwaka jana, msimu umeiva, nikashikwa na mafua. Ukishuka mita 10 tu, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Kwa hivyo kila unaposhuka kidogo unabana pua na kupuliza taratibu ili masikio yasawazike. Ukiwa na mafua njia imeziba, haisawaziki. Mzamiaji wa wiki moja anajua hiyo. Mimi nilijua. Lakini nilikuwa na wageni wawili, nikahesabu pesa yao, nikameza tembe na kujiambia yale maneno ninayowaambia nyinyi: fikiria mazuri, itakuwa sawa.

Mita sita, nikasikia kama msumari unagongwa ndani ya sikio. Nikapuliza kwa nguvu, ambayo ndiyo hasa hufai kufanya. Kitu kikapasuka. Maji baridi yakaingia kichwani, dunia ikazunguka, sikujua juu ni wapi. Nikashika kamba ya nanga na kufumba macho hadi kizunguzungu kikatulia. Bahati mwenzangu alikuwa karibu na wageni wake, akawachukua na wangu. Mimi nikapanda polepole na kamba. Kwa boti nikatoa miwani na ilikuwa na damu.

Daktari aliniambia kiwambo cha sikio kimetoboka, nisiguse bahari wiki sita. Wiki sita za Januari na Februari! Msimu mzima ukaenda na mzamo mmoja ambao hata sikulipwa. Na wale wageni walikuwa mikononi mwangu. Kama mmoja angeogopa akakimbilia juu akiwa ameshikilia pumzi, hewa inapanuka ukipanda, mapafu yanaweza kupasuka. Hilo ndilo bado linaniamsha usiku.

Nahodha wetu, mzee wa Kidigo mwenye maneno machache, alinitembelea na mafungu mawili ya ndizi. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Nikaanza kujitetea ati nilikuwa najipa moyo. Akasema, "Moyo unao. Pua ndiyo huna."

Nilicheka hadi sikio likauma.

Kuna kitu kingine tunafundishwa siku ya kwanza kabisa, na nilikisikia vizuri baada ya hapo. Ndani ya maji unaweza kuwa hasi, unazama. Unaweza kuwa chanya, unapaa juu kama puto, na kupaa haraka ndiko kunakoumiza watu, kwa sababu naitrojeni uliyovuta chini inahitaji muda kutoka mwilini. Ndiyo maana tunasimama mita tano kwa dakika tatu kabla ya kutoka, hata kama mgeni anasikia baridi na anataka supu. Mzamiaji mzuri hazami wala hapai. Anakaa pale pale, na anapumua. Maze, nilikuwa nafundisha watu hivyo na risasi kiunoni huku juu nchi kavu nikiuza upuzi tofauti.

Kwa hivyo siku hizi matumaini yangu ni ya kawaida sana. Kila mzamo ninaolipwa kati ya Desemba na Machi, theluthi inaenda kwa laini nyingine ya simu ambayo nimempa shangazi. Haguswi. Nilijifunza kufungua rigulata na kuzisafisha, na kusi ikifika natengenezea vituo viwili. Narekodi video za nyumba za wageni. Julai hadi Septemba nyangumi wanapita, wageni wanarudi kidogo, natoka na boti kama mpiga picha. Na nikiwa na mafua nabaki boti, nalipwa nusu, nanyamaza.

Halafu kuna siku zingine. Juni, maji yakipwa, nilipeleka watoto kumi na wawili wa Ukunda ndani ya mwamba, maji ya kiunoni, na miwani na mirija ya kuazima. Wamekula samaki wa hiyo bahari tangu wameota meno. Msichana mmoja aliinua kichwa, akatema maji, akapiga kelele, "Kumbe wana rangi!" Nililipwa soda. Sijawahi kulipwa vizuri hivyo, lakini soda hailipi kodi ya nyumba, na pia hilo nataka mlijue.

Na kuzamia si watalii pekee. Mnakumbuka Septemba 2019, gari lilipotumbukia Likoni kutoka kwa feri, mama na binti yake wakiwa ndani? Nilikuwa sekondari, tulikuwa tunafuata kila habari. Ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa, na gari lilikuwa zaidi ya mita 50 chini, kwenye mkondo mkali na giza. Cheti changu cha kuongoza wageni mwisho wake ni mita 40. Waliofanya ile kazi wamesomea kitu kingine kabisa, na ndio hao hukagua meli na kuchomelea vyuma chini ya maji bandarini. Shule za aina hiyo ziko Afrika Kusini na Uingereza, na ni ghali. Mimi naweka akiba pole pole. Wanapenda mtu mwenye ujuzi mwingine mkononi, kama uhandisi au ufundi wa kuchomelea.

Nilimuuliza yule kijana anasomea nini. Uhandisi wa mitambo.

Nikamwomba asiandike barua ya kuacha chuo. Kama amechoka kweli, aombe kuahirisha mwaka mmoja, nafasi yake ibaki. Aje Novemba, kabla wageni hawajajaa. Shangazi amekubali alale sebuleni kwa mwezi mmoja mradi anunue unga. Nitamwonyesha kompresa na mahali mitungi inakaa, na tutaona masikio yake yanasemaje kwa mita tano.

Hajajibu bado. Nimeona amesoma.