Marehemu Ni Dua

Mtu akikata roho alfajiri, kufikia adhuhuri jina lake limeshatanguliwa na neno. Msemaji wa familia hulitamka "marehemu" bila kusita, maana ana turubai na viti vya kutafuta. Mjane ndiye anayelikwepa. Utamsikia akisema baba watoto hapendi chai isiyo na tangawizi. Hapendi, si hakupenda.

Neno lenyewe halina ukali. Asili yake ni Kiarabu, marhum, kwenye mzizi uleule uliotupa rehema na jina Rehema tunalowapa mabinti zetu. Maana yake ni mtu aliyekwisha kurehemiwa. Waturuki, Waajemi na wasemaji wa Kiurdu nao wanalo. Tazama ujasiri wake: haliombi, linatoa habari kwamba rehema imeshashuka. Ndiyo maana wako wanazuoni wa Kiislamu wasiolipenda. Wanauliza, nani aliyekuhakikishia? Afadhali useme Mwenyezi Mungu amrehemu, ukaishia hapo. Hoja yao ina uzito. Lakini sidhani kama sisi tuliwahi kulitumia kama habari. Kwetu ni dua iliyovaa nguo za habari.

Kando yake liko hayati, ambalo kwa Kiarabu ni uhai. Huku kwetu limehamia kwa wafu, tena wafu wakubwa: Hayati Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999, Hayati Magufuli, tuliyemzika Machi 2021. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu hakuitwa hayati hata na wanawe (na baiskeli za kata nzima zilipita mikononi mwake). Kwa hiyo hayati ni cheo, na vyeo hugawiwa.

Neno marehemu haligawiwi. Padri analitumia, shehe analitumia. Liko kwenye fomu za mirathi Mahakama ya Mwanzo. Liko kwenye hukumu za kesi za mauaji, ambako hata jambazi aliyeuawa na wenziwe wakigombea fedha za wizi huandikwa marehemu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Karani anachapa harakaharaka awahi daladala, wala hana habari kwamba kila anapolirudia anamwombea mtu ambaye pengine hakuna mwingine aliyemwombea.

Atakayeandika tanzia yangu, tafadhali, asinipandishe cheo. Aandike marehemu.