Kabla ya Kisu
Ukiandika skripti za kulipwa kwa ukurasa, neno "mlengwa" utalisikia mpaka uchoke. Mlengwa ni kijana wa mjini, miaka 18 hadi 24, anapenda thrila, kwa hivyo damu imwagike dakika ya kwanza asije akahama. Huyo kijana ni mimi, na hiyo damu hata hainishtui.

Muvi iliyonishika ni Psycho ya Alfred Hitchcock, ya 1960. Wengi wanaikumbuka kwa kile kisu cha bafuni, lakini cheki inavyoanza. Mistari ya Saul Bass inakatakata majina, violini za Bernard Herrmann zinakimbizana, halafu kamera inaelea juu ya mji wa Phoenix. Tunaandikiwa siku na saa: Ijumaa, saa nane na dakika 43 mchana. Tunapenya dirishani. Ndani kuna wapenzi wawili, na stori yao ni pesa. Sam bado analipa madeni ya marehemu babake, kwa hivyo kuoa hawezi.

Mimi niliacha chuo sababu ya karo. Marion anapopewa dola 40,000 za mteja azipeleke benki, sihitaji kuelezwa kwa nini mkono unamwasha. Nishaingia upande wake. Ndiyo maana kisu kikija, kinanipata mimi pia.

Mlengwa wa mwanzo ule ni yeyote anayelala na deni akaamka nalo. Kwa Nairobi hii, hao hawaishii miaka 24.