Diski ya Babu

Huenda wengi wenu hamjawahi kuishika flopi, ile diski ya inchi 3.5 ambayo picha yake bado hutumika kama alama ya kuhifadhi kazi kwenye kompyuta. (Mwalimu atasema tarakilishi, nami nakubali.) Flopi ya kawaida ya enzi zile hubeba baiti 1,474,560 tu. Picha moja ya simu yaweza kukosa nafasi humo. Lakini yetu ina mashairi 23 ya babu yangu, babake Mama, aliyefariki mwaka 2003 kabla sijazaliwa.

Nyumbani kulikuwa na ubishi juu ya mashairi hayo. Mjomba alishikilia kwamba la mwisho ni "Kwaheri", kwa kuwa humo Babu anasema amefika kituo chake na sasa anashuka. Alitaka lisomwe kila mwaka tunapomkumbuka. Nyanya akisikia hivyo alisonya. "Mzee hakuwa na haraka ya kufa," alisema. Ushahidi wa karatasi haukuwepo, maana daftari za Babu ziliishia tumboni mwa mchwa.

Mama ndiye aliyeyachapa mashairi hayo, kati ya 1994 na 1996, alipokuwa mpiga chapa katika duka moja mjini. Babu alimletea kila shairi alipolimaliza. Basi nikadhani tarehe za faili zitatukatia shauri. Wapi! Betri ya saa ya kompyuta ile ilikuwa imekufa, na kila ilipowashwa iliamka tarehe 1 Januari 1980. Eti mashairi yote 23 yalizaliwa siku moja! Isitoshe, Mama ni mtu wa utaratibu. Alikuwa ametumia DS, programu ndogo ya Norton Utilities, kuyapanga majina kwa alfabeti. Ile amri ya DIR /O iliyokuja na MS-DOS 5 mwaka 1991 hupanga tu yale yanayoonekana kwenye skrini. DS ilihamisha majina ndani ya diski yenyewe, kwa hiyo hata mpangilio wa awali ulikuwa umepotea.

Binamu yangu aliazima kisomaji cha flopi, akatoa nakala kamili, baiti kwa baiti, tuiguse hiyo na kuiacha diski ipumzike. Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonifurahisha kuliko somo lolote la mwaka huu. Orodha ya faili, yaani saraka, ina nafasi 224, na kila nafasi ni baiti 32. Herufi 8 za kwanza ni jina, 3 ni aina ya faili, halafu kuna saa, tarehe na ukubwa. (Ndiyo maana shairi alilotungiwa Nyanya, "Mrembo wa Mtoni", linaitwa MREMBOWA.) Kisha, katika baiti ya 27 na ya 28, kuna namba ya kipande cha diski ambapo faili inaanzia. Vipande vya faili huhesabiwa kuanzia 2.

DS ilipopanga majina, ilihamisha hizo baiti 32 peke yake. Mashairi yenyewe hayakusogea hata kidogo! Ni kama kupanga upya kadi za maktaba bila kugusa rafu.

Tukaandika programu yetu, isiyo na vitufe wala picha. Unaiandikia amri, unataja jina la nakala na unachotaka kupangia: jina, ukubwa, tarehe au kipande cha mwanzo. Tuliiita "panga", jina lenye makali. Tukaiamuru ipange kwa kipande cha mwanzo.

KWAHERI ilitokea juu kabisa, kipande cha 2. MREMBOWA ilikuwa ya 38. Ya mwisho, kipande cha 74, ilikuwa MBUZI.

Binamu alinionya tusishangilie mapema. Faili ikifutwa, nafasi yake yaweza kuchukuliwa na nyingine, na hapo hesabu huvurugika. Tulikagua zote. Kila shairi linaanza pale jingine lilipokomea, bila pengo, naye Mama anasema hakuwahi kufuta wala kurudia lolote.

Nyanya alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso. Kumbe mwaka 1994 Babu alistaafu kazi ya karani katika shirika la reli! Kituo anachoshukia katika "Kwaheri" ni kituo cha garimoshi. Nililisoma tena usiku ule, na kila ubeti ukawa mwingine: filimbi ni filimbi, abiria ni abiria. Na shairi la mwisho ni malalamiko ya beti sita dhidi ya mbuzi wa jirani aliyekula sukuma wiki.

Mjomba bado anasema kipande cha 2 si hoja. Lakini Nyanya ameshaamua kwamba Desemba tutasoma la mbuzi, na mimi ndiye msomaji. Mama naye ametoa diski nyingine sandukuni. Hiyo inakwaruza tu kwenye kisomaji, haifunguki. Tutaijaribu tena likizo.