Makaburi ya Jordbro na Wapagazi wa Kariakoo



Mgeni ashukaye treni hapa Jordbro huona kwanza maghorofa na maghala. Lakini si mbali na majumba hayo, chini ya misonobari, upo uwanja wa makaburi ya Enzi ya Chuma. Yanazidi mia sita: duara za mawe, vilima vidogo na mawe marefu yaliyosimamishwa. Majina ya waliolazwa hapo hayajulikani, wala hawakuwa watu wa dini ya Waswidi wa leo. Hata hivyo, sheria ya nchi inayalinda. Hapana ruhusa ya kung'oa jiwe.

Kila nipitapo hapo, moyo hunirudisha Kariakoo.

Wengi wetu tumenunua bidhaa Kariakoo ya Dar es Salaam, au Kariakor ya Nairobi, bila kuuliza asili ya jina. Latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Kiingereza kilichoundwa mwaka 1914, chini ya Oscar Watkins, kwa vita dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu, kwa ujira wa rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 ukaja mkusanyo mkubwa, vijiji vikabaki bila vijana.

Mpagazi hakupewa bunduki, lakini alibebeshwa nidhamu ya jeshi pamoja na mzigo wake. Aliyetoroka alisakwa na kuadhibiwa. Aliyekosea alionja kiboko. Alivaa kibati chenye namba. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, homa na unga usioiva. Waliokufa upande wa Waingereza wanakadiriwa kukaribia 100,000. Wajerumani nao waliwatumia wapagazi wao bila huruma.

Vita vilipokwisha, Tume ya Makaburi ya Vita iliwawekea Wazungu mawe yenye majina. Waafrika walijengewa sanamu za pamoja, kama ile ya Askari ya Dar es Salaam ya mwaka 1927, na makaburi yao mengi yakaachwa yamezwe na pori. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri ubaguzi huo na kuomba radhi.

Sisi twajua kwamba kumsitiri maiti ni faradhi ya kifaya: wakiitimiza baadhi, wengine husalimika, wasipoitimiza, dhambi ni ya wote. Makaburi ya mababu hatuwezi tena kuyatafuta, lakini majina bado tunaweza. Basi kila nyumba yenye mzee, au yenye mzee wa kupigiwa simu nyumbani, na aulizwe: ni nani katika ukoo alichukuliwa Kariakoo asirudi? Jina hilo liandikwe, watoto wafundishwe, na marehemu aombewe dua.

Tuwapeleke watoto wakayaone makaburi ya Jordbro, tukawasimulie na haya.

Wabillahi tawfiq.