Mwalimu Aliyeandika Barua za Kijiji

Mwalimu aliyenifundisha kuanzia darasa la nne hadi la saba hakutaka barua yenye machozi. Barua ya malalamiko, alituambia, inasema nani, lini, wapi, na nani aliona. Huruma mwachie anayesoma. Kila Ijumaa tuliandika barua za namna hiyo, anwani juu kulia, "Yah:" imepigiwa mstari, kwenye shule ya msingi iliyokuwa katika miinuko ya Kasulu, mkoani Kigoma, si mbali na barabara iendayo Makere hadi Kibondo. Shule za jirani ziliandika insha za safari ya mbugani. Sisi tulimwandikia mtendaji wa kijiji kuhusu kisima kilichobomoka.

Ukali huo aliutoa kwa baba yake. Mzee huyo, kama Waha wengi wa kizazi chake, alikwenda manamba kukata mkonge Tanga. Huko kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi ya siku, mnyapara anatia alama. Asipotia, siku yako imepotea pamoja na jasho lake. Mzee hakujua kusoma, basi alibisha kwa lipi? Mwalimu alitusimulia habari hiyo kila Januari alipofungua daftari jipya la mahudhurio, kisha akaanza kuita majina polepole, akitia alama kana kwamba anamlipa kila mmoja wetu.

Yeye mwenyewe aliingia kazini miaka ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Wapo wanaowadharau walimu wa UPE mpaka leo. Mimi siwezi, na sipendi kusikia mtu akiwadharau mbele yangu.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi, na watu kwa maelfu wakavuka mpaka kuingia kwetu. Mwaka 1996 vita vya Zaire vikaleta Wakongo, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu. Aliyeishi Kasulu au Kibondo miaka ile anakumbuka maturubai, malori meupe, unga wa njano ukiuzwa sokoni. Anakumbuka pia kuni zilivyoadimika na mihogo ilivyong'olewa usiku. Wenyeji walikuwa na malalamiko ya kweli, na mwalimu aliwaandikia barua. Wengi wanaomsimulia leo husahau sehemu hiyo.

Mwishoni mwa 1997 ikaja operesheni ya kuwakusanya wakimbizi wote waliokuwa nje ya kambi. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa mpaka. Lakini Kiha na Kirundi vinaelewana, na vijijini mwetu walikuwamo watu waliokimbia mauaji ya 1972 ya Burundi wakiwa vijana, wakaoa kwetu, wakalima na kuzika kwetu. Hao nao walichukuliwa. Baba wa msichana niliyekaa naye dawati moja alikutwa shambani. Mama yake, Muha mwenzetu, alifuata na watoto wote. Maharage yao yalibaki yamesimama.

Mwalimu alitoa madaftari ya mahudhurio ya miaka yote aliyoyatunza. Humo mlikuwa na mwaka ambao kila mtoto alianza shule, jina la mzazi, jina la kitongoji. Kwa kila familia iliyochukuliwa aliandika barua moja: baba alifika mwaka gani, mama alizaliwa wapi, watoto wameanza shule lini, shamba linapakana na la nani. Chini aliweka sahihi ya jirani aliyekubali kushuhudia. Hatukuwa na mashine ya kunakili, kwa hiyo sisi wa darasa la sita tulinakili kwa mkono. Mwenzangu mmoja aliongeza sentensi ya kuomba huruma. Akaambiwa aandike upya ukurasa mzima. Jumamosi mwalimu alipanda baiskeli na kuzipeleka bomani Kasulu, zingine hadi Kibondo, wakati ambao barabara ile iliogopwa kwa majambazi.

Walikuwapo waliomwita mwalimu wa Warundi. Katika mkutano wa kijiji alisimama akasoma barua ya mkulima aliyeibiwa mihogo, kisha barua ya familia ya yule msichana wa dawati langu, kwa sauti ileile, akaketi. Hakuhutubia.

Barua nyingi hazikujibiwa. Msichana yule na mama yake walirudi kabla ya mtihani wa darasa la saba. Baba alibaki kambini. Mwaka 1999 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya operesheni hiyo, na niliposoma habari za ndoa zilizotenganishwa niliwajua watu wake bila kutajiwa majina. Mwaka 2010 serikali ilitangaza uraia kwa zaidi ya watu 162,000 wa kundi la 1972 waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, uamuzi ambao Tanzania ina haki ya kujivunia. Lakini watu wa 1972 waliotawanyika vijijini Kigoma hawakuwemo katika hesabu hiyo. Walichokuwa nacho ni majirani, na jina la mtoto katika daftari la shule.

Mwalimu alistaafu, akafariki, tukamzika kijijini kwake. Waliobeba jeneza walikuwa wanafunzi wake, wa pande zote mbili za mpaka.

Kwenu walimu wakuu wa Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe: madaftari ya zamani yaliyorundikwa stoo msiyachome wala msiyauze kwa wafunga karanga. Yawekeni pakavu, juu, mbali na mchwa. Bado wapo watu ambao hawana ushahidi mwingine kwamba walikuwa hapa.